Kompyuta Tuliyoitangaza Imekufa Ilikuwa na Joto

Niliweka kiganja juu ya ile kompyuta, nikakitoa haraka.

Ilikuwa na joto.

Sasa nisomeni taratibu, maana nyie watu wa mtandaoni mnapenda kuruka mistari halafu mnakuja kuuliza maswali. Kompyuta ile ilikuwa imekufa tangu Alhamisi. Mwenye nayo aliniambia imekufa. Mimi mwenyewe, mtaalamu, nilithibitisha kwa simu kwamba imekufa. Nilikuwa nimesafiri nusu siku na maiti ya kompyuta nyingine nyuma ya gari ili niitoe viungo, nije nivipandikize kwenye hii.

Na ilikuwa na joto la kitu kinachofanya kazi.

Mwenye nayo alikuwa amesimama nyuma yangu. Mume wangu alikuwa mlangoni na sanduku la vifaa mikononi.

Hili silisimulii kwa niaba ya mtu. Lilinikuta mimi, na mpaka leo sijalimeza.

Mchana mimi hutengeneza printa za maofisini. Printa ikitafuna karatasi za watu, ndipo jina langu linakumbukwa. Hiyo ndiyo kazi inayolisha watoto.

Kazi yangu ya pili hailishi mtu. Kuna mfumo endeshi wa bure, yaani ile programu ya kwanza inayoiamsha kompyuta na kuzigawia programu nyingine kazi. Unaandikwa na watu wa kujitolea walio kila pembe ya dunia, na yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuutumia na kuurekebisha. Mimi nimepewa dhamana ya kona moja tu: kuhakikisha mfumo huo unaendelea kuwaka kwenye aina moja ya kompyuta za zamani. Ni mashine nzito, zenye rangi ya maziwa yaliyochacha, na kiwanda kilichozitengeneza kilishafunga milango.

Kwa nini nahangaika nazo? Kwa sababu zipo, na kuna watu bado wanazitegemea. Sina jibu zuri zaidi ya hilo.

Mume wangu ni fundi friji na hajawahi kunielewa.

"Mama watoto," huniambia, "mimi nikitengeneza friji la zamani nalipwa, na maji ya baridi napewa. Wewe unapata nini?"

"Napata usumbufu."

"Ungesema mapema. Usumbufu hapa nyumbani upo, tena wa bure."

Kwenye mradi wenzangu wananiita Mama Chuma. Anayetusimamia tunamwita Kiranja. Sijawahi kumwona uso, yuko mbali, na kazi yake kubwa ni kukata. Toleo jipya likikaribia kutoka, anapita na panga lake kona kwa kona. Safari hii aliniandikia hivi:

"Mama Chuma, kona yako ni nzito na watu wake ni wachache. Punguza mizigo. La sivyo toleo litatoka bila mashine zako."

Kimeumana. Mashine zikiachwa nje ya toleo, hazipati marekebisho tena, na baada ya hapo ni kuzisindikiza kaburini tu moja baada ya nyingine.

Nikaingia na ufagio. Nilifuta msimbo, yaani maandishi ya programu, wa kuendesha vifaa vya kanda. Nilifuta wa kipanya ambacho hata makumbusho hawana. Nilifuta na vikorokoro vingi vya wakati wa kuwaka, vilivyoachwa na watu walioshaondoka kwenye mradi bila kueleza vilikuwa vya nini. Kama sikijui na mimi ndiye mwenye kona, nikajiambia, basi hakuna anayekihitaji.

Baada ya hapo nikajaribu kila kitu kwenye mashine ya kuigiza. Hiyo ni programu ndani ya laptop yangu inayojifanya ni kompyuta ya zamani. Mashine yangu halisi ilishaharibika ubao wake mkuu wa ndani, ipo stoo, tumeweka ndoo juu yake. Wengi wetu kwenye mradi tunafanya hivyohivyo siku hizi: tunalinda mashine ambazo hatujazigusa kwa mikono.

Kwenye ile ya kuigiza mambo yalikuwa safi kabisa. Kiranja akaridhika. Toleo likatoka na mashine zangu zikiwemo. Nikaandika tangazo kwamba toleo la nyuma lina tundu la usalama, kwa hiyo kila mtu aweke hili jipya haraka.

Siku hiyo nilitembea kichwa juu. Nilijiona mtu.

Alhamisi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya printa ya mawakili, mikono myeusi kwa wino, simu ikaingia ujumbe.

"Dada, mashine imekufa. Nimeweka toleo lako jipya na haiwaki tena. Nisaidie, tuna mtihani Jumatatu. Mchapaji."

Mchapaji nilikuwa namjua kwa maandishi tu, miaka na miaka. Kila nikitoa toleo yeye ndiye wa kwanza kuliweka, na wa kwanza kushukuru au kulalamika, kwa maneno ya kuchekesha ambayo nilikuwa nikimsomea mume wangu. Nilichojua juu yake ni kwamba anafanya kazi kwenye shule ya watoto wasioona. Kompyuta yake inaendesha mashine ya kuchapa nukta nundu, yale maandishi ya vidoti vilivyoinuka ambayo watoto wale huyasoma kwa vidole.

Mashine yenyewe ya kuchapa ni kongwe vilevile. Ina waya mnene ambao kompyuta za siku hizi hazina pa kuuchomeka. Walishajaribu viunganishi vya kila aina, vidoti vikatoka shaghalabaghala.

Nikaomba ruhusa kwa mawakili, nikatoka nje, nikampigia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake.

"Mwalimu, mtihani gani huo?"

"Wa kumaliza shule, dada. Darasa langu lote la mwisho. Maswali yameletwa kwenye flashi, imefungwa kwa lakiri, iko kwenye sefu ya Mkuu. Sisi ndio tunaochapa, kutoa nje ya shule hairuhusiwi. Jumatatu asubuhi karatasi zisipokuwa mezani, wanangu hawa wanakaa nyumbani mwaka mzima wakingoja mwingine."

"Hamna mashine nyingine?"

"Ingekuwepo ningekusumbua wewe?"

Nikaanza kumhoji, kama kawaida yetu.

"Umeme unafika?"

"Unafika."

"Feni inazunguka?"

"Naisikia."

"Diski je?"

"Inakwaruza, inakwaruza, halafu inatulia. Kimya."

Nikajua mashine inaanza safari halafu inaanguka njiani.

"Taa ya mbele ina rangi gani?"

"Taa? Ngoja niulize."

Akaniacha hewani. Nikamsikia akimwita mlinzi. Baada ya muda akarudi: "Anasema ya kijani."

Nikajisemea moyoni, huyu naye mvivu, taa iko mbele ya pua yake mpaka aitiwe mlinzi.

"Kwenye skrini kuna nini?"

"Hatuna skrini. Ilikuwa inakula nafasi ya karatasi, tukaiondoa."

Hilo halikunishangaza, kompyuta nyingi za kazi moja huishi bila skrini. Nikamwomba apige picha ya nyuma ya mashine nione waya. Picha ikaja. Ilikuwa ya dari na kona ya kabati. Nikaomba nyingine, ikaja ya goti la mtu.

"Basi rudisha waya wa mtandao," nikasema, "nitaingia kutokea huku nijionee."

"Siwezi. Niliuchomoa mara tu nilipomaliza kuweka toleo lako. Kompyuta ya kuchapa mtihani hairuhusiwi mtandao, na kwa hilo Mkuu hana utani."

"Sawa. Zima, uwashe tena."

Ile dawa ya mafundi wote ulimwenguni. Akazima, akawasha. Tukasubiri, nasikia pumzi zake tu.

"Bado."

"Zima tena."

Akazima tena. Na tena. Kila nilipoishiwa na wazo nilimwambia azime.

Mwisho nikamkumbusha akiba yetu. Mfumo wetu ukiweka kiini kipya, yaani moyo wa mfumo wenyewe, kile cha zamani haukitupi, hukiacha pembeni kwa ajili ya dharura. Unawasha, diski ikianza tu kukwaruza unabonyeza mshale wa chini, kisha Enter, na mashine inawaka kwa kiini cha jana. Akafanya hivyo bila kukosea.

Tukasubiri.

"Haiwaki, dada."

Kiini kile kilikuwa kikifanya kazi vizuri Jumatano. Kama nacho kimegoma, basi ugonjwa hauko kwenye programu. Ni chuma chenyewe kimefika mwisho.

"Mwalimu," nikasema, "pole sana. Mashine imekufa kweli."

Nilitegemea abishe. Hakubisha.

"Wewe ndiye unayezijua," akasema. "Kama umesema imekufa, imekufa." Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Sijui nitawaambia nini watoto."

Nilirudi kwa mawakili nikamaliza printa yao, lakini sikumbuki niliimalizaje.

Jioni nikamweleza mume wangu. Nilimwonyesha na zile picha.

"Huyo mwambie asiache ualimu," akasema. Kisha akaniangalia usoni na utani ukamwisha. "Ni watoto kweli hao?"

"Ni watoto."

"Na hilo lidude lako la stoo, si aina hiyohiyo?"

"Ubao umekufa. Ila diski ni nzima, na boksi lake la umeme pia."

"Toa ndoo juu yake," akasema. "Kesho namaliza friji la watu. Jumamosi alfajiri tunaondoka."

Ndiyo sababu sijamwacha mwanamume huyu.

Ijumaa nikamwandikia Kiranja kwamba huenda toleo letu limeua mashine ya mtu. Akajibu kwa mstari mmoja: "Ni mashine ya zamani, labda siku zake zimefika." Nilitamani kumtukana. Ila ukweli, hata mimi nilikuwa nimeshafikia hukumu hiyohiyo, tofauti ni kwamba mimi iliniuma.

Jumamosi njiani nilikuwa napanga kichwani nitakavyofungua, nitakavyobadilisha, na kipi nitakijaribu kwanza. Kila baada ya muda nilipiga hesabu ya saa zilizobaki.

Mchapaji alitusubiri getini. Mtu wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri, anaongea haraka. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama Chuma mwenyewe. Nilidhani ni jitu kubwa, kumbe kiganja kama cha mtoto."

Akatangulia, sisi nyuma. Alikwenda mwendo wa kasi huku mkono mmoja ukipitapita kwenye ukuta. Sikuwaza lolote, nilikuwa naangalia mahali pa kuegesha ile maiti yangu. Akafungua mlango kwa ufunguo, akaingia, akazama ndani.

Ndani kulikuwa giza tupu. Madirisha yote yalizibwa na mabunda ya karatasi.

"Mwalimu, taa iko wapi?"

"Ah, samahani. Huwa nawasahau watu wa taa. Mkono wako wa kulia, juu ya meza."

Mume wangu akabonyeza swichi. Nikamtazama mwalimu, naye alikuwa ameelekeza uso katikati yetu, akitabasamu pasipo na mtu.

Mchapaji haoni.

Jamani, niliona aibu. Miaka yote ile nilijua shule ni ya wasioona, nikajua karatasi ni za wasioona, lakini akilini mwangu anayeendesha kompyuta alikuwa mtu mwenye macho anayewasaidia. Hakuna aliyenidanganya. Nilijitungia mwenyewe.

Nikafanya kile fundi hufanya akiaibika. Nikagusa mashine.

Ndipo nikakuta ina joto.

"Imewashwa hii?"

"Niliiwasha asubuhi nilipojua mnakuja," akasema Mchapaji. "Nikasema labda ikisikia wageni itaona haya."

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, nikauliza swali nililopaswa kuanza nalo.

"Mwalimu, umejuaje kwamba haiwaki?"

"Hailii."

"Hailii vipi?"

"Ikimaliza kuwaka hulia. Tii, tii. Nikisikia hivyo najua iko tayari, ndipo naweka karatasi na kuanza kuandika amri. Ukiipa karatasi kabla haijalia, mashine ya kuchapa inatafuna bunda zima, na karatasi za mtihani tunapewa za kutosha tu, hakuna za ziada. Tangu Alhamisi naisikiliza. Hailii."

Nikakaa juu ya mabunda yake.

Nikafungua laptop, nikatafuta kwenye yale niliyoyafuta. Yalikuwa hapo: mistari michache sana, imeandikwa na mtu aliyeondoka kwenye mradi kabla sijajiunga, haina hata neno moja la maelezo. Kazi yake ni kupiga spika milio miwili mfumo ukishamaliza kuwaka. Ile mashine yangu ya kuigiza nilikuwa nimeizima sauti, kwa hiyo sikuwahi kusikia kilichokuwepo wala kilichoondoka. Na mistari ile haikuwa ndani ya kiini. Ilikuwa nje yake, sehemu inayotumiwa na kiini kipya na cha zamani sawasawa. Ndiyo maana hata tuliporudi nyuma, kimya kilibaki kilekile.

"Mwalimu," nikasema, "mashine yako haikufa. Imekuwa ikiwaka kila ulipoiwasha. Mimi ndiye niliyeiziba mdomo."

Nilitamani anifokee.

"Kwa hiyo," akasema mwishowe, "siku zote hizi tumekaa humu ndani mimi na yeye, kila mmoja anamngoja mwenzake aanze."

Mume wangu akaangua kicheko, akakikatiza. Mchapaji naye akacheka. Mimi machozi yalikuwa yananitoka.

"Kwa nini hukuwahi kuniambia kwamba huoni?"

"Hukuuliza. Na mimi sikukuuliza kama wewe unaona."

Nikachukua skrini ndogo niliyokuja nayo, nikaichomeka, nikitegemea kuona mfumo umetulia unangoja amri, tuchape, turudi nyumbani.

Skrini ikajaa makosa.

Mnakumbuka nilimwambia azime mara ngapi? Kila alipozima, mashine ilikuwa nzima na diski yake inaandika. Tulikuwa tunamnyang'anya mtu kalamu katikati ya neno, tena na tena, kwa ushauri wangu. Mfumo wenyewe ulikuwa umesimama, lakini baadhi ya mafaili yalikuwa yamekatika. Nikayapitia moja moja. Mengi yalikuwa ya kawaida, mbadala wake ninao.

Moja halikuwa la kawaida. Lilikuwa ndilo jedwali linalogeuza herufi na alama kuwa vidoti.

"Hili nimelijenga mwenyewe," Mchapaji akasema nilipomweleza, na kicheko kikamwisha usoni. "Lile lililokuja na programu halikujua alama za hesabu tunazotumia. Nimelirekebisha kidogo kidogo kwa miaka. Jumatatu mtihani wa kwanza ni hesabu."

"Nakala unayo?"

Mume wangu akaweka sanduku chini taratibu.

"Diski siziamini," akasema Mchapaji. "Nilijichapia."

Akaenda moja kwa moja kwenye kabati, akapapasa, akavuta rundo la karatasi ngumu zisizo na hata tone la wino.

Alasiri yote tuliimaliza hivyo. Yeye anasoma kwa vidole na kutamka, alama hii ni kidoti cha pili na cha tatu, hii ni cha tano peke yake, mimi naandika. Nilikuwa na macho mawili mazima na karatasi zile kwangu zilikuwa nyeupe. Nikikosea hakuna wa kuniona. Alipochoka vidole alivipuliza, tukaendelea. Mkuu wa shule alikuja mlangoni akasimama, akataka kuuliza, mume wangu akamtoa nje kwa upole.

Tulipomaliza nikairudisha ile mistari ya mlio. Nikaizima mashine kwa utaratibu wake, nikaiwasha.

Diski ikakwaruza, ikakwaruza, ikatulia.

Mchapaji alikuwa ameinamisha kichwa. Mkono wake ulikuwa juu ya mashine.

Tii, tii.

Akageukia ukutani, akatoa kitambaa, akajipangusa uso.

Kisha akaweka karatasi moja ya majaribio. Mashine ya kuchapa ikaanza kugonga, kelele yake kama fundi anayepigilia bati, meza yote ikatikisika. Akaichukua karatasi, akaipitisha vidole mstari wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu akasimama. Akarudi nyuma. Akasimama palepale.

"Hapa," akasema. "Umeifanya alama ya kujumlisha kuwa ya kutoa."

Nikaangalia. Kweli. Nilikuwa nimewaandalia watoto mtihani wa hesabu ambao kila penye kujumlisha wangetoa, na wangefeli darasa zima bila mtu kujua kwa nini. Nikarekebisha, mume wangu kanishika bega. Tukachapa tena. Akaisoma yote kutoka juu mpaka chini, polepole, halafu akairudia.

"Sasa iko sawa."

Mkuu akaleta flashi, akakata lakiri mbele yetu, akatuonyesha mlango.

"Wenye macho wote nje," akasema. "Humu sasa ni siri ya serikali."

Tukakaa barazani, mimi na fundi friji wangu, tukisikiliza ile mashine ikigonga. Ilikuwa imechapa kurasa nyingi ndipo nikaweza kula.

Jumatatu karatasi zilikuwa mezani. Mchapaji alinitumia ujumbe mmoja: "Wameingia. Wamenyamaza. Vidole vinakimbia." Nikausoma nikiwa kwenye foleni dukani, nikalia mbele za watu, sikujali.

Mistari ile nikaipeleka kwenye mradi, safari hii na maelezo juu yake: "Usifute. Kuna mtu anasikiliza." Kiranja akauliza mistari yote hiyo ni kwa ajili ya mtu mmoja? Nikamwandikia kila kitu, bila kujificha popote. Kesho yake akaipokea, akaomba na Mchapaji aingizwe kwenye orodha ya wanaojaribu toleo kabla halijatoka. Siku hizi hakuna toleo la kona yangu linalotoka mpaka yeye aseme.

Nikaweka na tangazo: kama mashine yako ilikaa kimya baada ya toleo lile, haijafa, weka hili jipya itasema.

Ningependa kuishia hapo. Ni mwisho mzuri, hata mume wangu aliupenda.

Lakini baada ya tangazo lile ulikuja ujumbe kutoka kwa mama mmoja nisiyemfahamu. Alieleza kwamba naye haoni, anaishi peke yake, na alikuwa na mashine moja kama hizo aliyoitumia kuandikia maisha yake, tangu utotoni, ili wajukuu wake waje wasome. Aliweka toleo langu kwa sababu tangazo lilisema haraka. Akangoja ilie.

"Nilingoja siku mbili," aliandika. "Haikulia. Nikampa mtu wa vyuma chakavu aliyepita mlangoni. Ulikuwa mpango wa Mungu, mwanangu, usijilaumu. Nilitaka tu kuuliza, kwa hiyo ilikuwa hai?"

Nimeandika jibu nikalifuta, sijui mara ngapi. Mwishowe nilimjibu ndiyo, kwa sababu alistahili kujua. Hakuandika tena.

Ndugu zangu, mnaofuta, mnaopanga, mnaopunguza mizigo: kitu usichokijua kazi yake si kwamba hakina kazi. Uliza kabla hujakitupa. Na mtu akikuletea habari kwamba kitu kimekufa, usianze na dawa wala koleo. Muulize kwanza amejuaje.

Mchapaji nilimuuliza, tena kwa kuchelewa. Yule mama hakupata mtu wa kumuuliza.